Koha ikigoma: anza na dalili, usikimbilie kuinstoli upya

Nimeona hili mara nyingi kwenye maktaba zetu na linaniuma, Koha (mfumo wa kompyuta wa kuendesha maktaba) ikisumbua kidogo tu anaitwa mtu wa IT, anaangalia haraka haraka halafu anasema tufute tuinstoli upya. Jamani hapana. Mle ndani kuna miaka ya kazi ya wakutubi waliokatalogi kitabu kimoja kimoja, na mara nyingi kilichokufa ni kipande kimoja tu kinachoweza kuwashwa tena kwa amri moja, au ni seting ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku ya kwanza.

Koha si programu moja. Apache inapokea watu wanaofungua ukurasa, Plack inaendesha kodi ya Perl, MariaDB inatunza data, Zebra (wengine wanatumia Elasticsearch) ndo inatafuta, memcached inakumbuka vitu ili mambo yaende haraka, kuna worker anayefanya kazi kubwa kubwa pembeni, halafu cron inaamsha kazi za kila siku kama faini, imeili na bakapu. Kila mmoja anaweza kufa peke yake wenzake wakaendelea kama kawaida, kwa hiyo dalili unayoiona ndo inakwambia nani kafa.

Hapa chini nachukulia umeinstoli kwa paketi za Debian au Ubuntu na instansi yako (yaani Koha yenu iliyowekwa kwenye seva) inaitwa maktaba, wewe weka jina lako. Kama huna ruhusa ya kuingia kwenye seva bado unaweza kufanya mengi, ingia upande wa wafanyakazi, fungua About Koha, pale kwenye Server information utaona Zebra inakimbia au haikimbii, memcached ipo au haipo, na saa ya seva inasemaje. Kwenye System information zinatokea onyo zenyewe. Wengi wana Koha miaka na ukurasa huo hawajawahi kuufungua.

Haifunguki kabisa, kwa kila mtu

Kwanza uliza umeme ulikatika lini. Umeme ukirudi rauta inaweza kuipa seva anwani nyingine ya IP, na watu wote waliosevu anwani ya zamani wataona ukurasa mtupu wakati Koha yenyewe ni nzima haina shida. Nenda kwenye seva andika `ip a` ulinganishe. Dawa ya kudumu ni kuipa seva IP isiyobadilika, usiache hili, litarudi tu.

IP ikiwa sawa andika `df -h`. Diski ikijaa MariaDB inasimama na Koha nzima inalala nayo. Angalia `/var/log` na bakapu zilizorundikana. Ila tafadhali usiingie `/var/lib/mysql` kufuta faili kwa mkono hata kama zinaonekana kubwa, hapo ndo data ilipo na ukifuta umeondoka nayo.

Diski ina nafasi? `systemctl status mariadb` halafu `systemctl status apache2`. Baada ya umeme kukatika ghafla MariaDB inaweza kuchukua muda kidogo kujirekebisha yenyewe inapowaka, iache imalize, usiizime tena katikati.

Na kama OPAC (ukurasa ambao wasomaji wanatafutia vitabu) inafunguka lakini upande wa wafanyakazi ndo haufunguki, hiyo karibu kila mara ni mlango. Wengi wameuweka upande wa wafanyakazi kwenye poti 8080, sasa angalia `/etc/apache2/ports.conf` kama mstari wa `Listen 8080` upo, na kama fayawoli haijaufunga.

Kitabu kipo, nimekiingiza mwenyewe, lakini ukitafuta hakionekani

Hii ndo simu inayopigwa zaidi kuliko zote. Mkutubi kaingiza kitabu leo asubuhi, msomaji anatafuta kwenye OPAC anaambiwa hakuna, mkutubi naye anatafuta hapati, anaanza kuamini data imepotea. Haijapotea. Data inakaa MariaDB, ila kutafuta kunapitia Zebra, na Zebra ina indeksi yake tofauti. Indeksi isipoapdetiwa kitabu kipya hakionekani, na Zebra yenyewe ikifa hata vya zamani havionekani.

Kwa hiyo jiulize kwanza, ni vitabu vipya tu au ni vyote?

Ni vyote: `koha-zebra --status maktaba`. Ikisema haikimbii, `koha-zebra --start maktaba`, jaribu tena kutafuta.

Ni vipya tu: anayepeleka mapya kwenye indeksi kalala. `koha-indexer --status maktaba`, akiwa amelala muwashe kwa `--start`. Ukitaka uhakika ingia `koha-mysql maktaba` uandike `select count(*) from zebraqueue where done=0;` rudia baada ya dakika moja hivi. Namba ikiwa kubwa na haishuki foleni imekwama.

Indeksi ikiwa imeharibika, na umeme wetu huu inatokea, ijenge upya: `koha-rebuild-zebra -f -v maktaba`. Inasoma rekodi zote kutoka MariaDB na kutengeneza indeksi mpya, vitabu haviguswi. Ukiwa na rekodi nyingi fanya jioni wasomaji wakishaondoka manake kutafuta kutayumba wakati inaendelea. Wa Elasticsearch amri yenu ni `koha-elasticsearch --rebuild maktaba`, na hakikisheni seting ya `SearchEngine` inasema Elasticsearch kweli, nimeona sehemu seva ya Elasticsearch inakula ramu yote na Koha yenyewe bado inaitafutia Zebra.

Sasa kuna hali ya tatu, kitabu kinaonekana kwa wafanyakazi ila kwa wasomaji hapana. Hapo Zebra haina kosa, kuna mtu kakificha. Angalia seting ya `OpacSuppression` na sehemu ya 942 herufi n kwenye rekodi ya kitabu (rekodi imegawanywa sehemu zenye namba), angalia seting ya `OpacHiddenItems`, angalia pia kama nakala imewekwa alama ya kupotea na `hidelostitems` imewashwa.

Na kuna kitu kinachogusa Kiswahili chetu, ile alama kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'ara. Mtu akinakili jina la kitabu kutoka Word inakuja alama iliyopinda, msomaji anaandika iliyonyooka ya kwenye kibodi, kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti na kutafuta kunaweza kukwama hapo. Kubalianeni maktaba nzima mtumie iliyonyooka, za zamani mzirekebishe kidogo kidogo.

Wafanyakazi wanatolewa kila saa, wanaingia tena, wanatolewa tena

Kama seva yenu iko nje ya jengo na mnaingia kwa modemu ya simu au kwa laini mbili za intaneti zinazopokezana, sababu naweza kuibashiri. Koha kwa kawaida inaangalia IP ya mtu aliyeingia, ikibadilika katikati inamtoa kwa usalama, na laini za simu zinabadilisha IP ovyo. Seting ni `SessionRestrictionByIP`, izime, lakini hakikisha mnatumia https kwanza manake hiyo ilikuwa kinga.

Kama kila mtu anatolewa hata walio kwenye LAN, yaani mtandao wa ndani ya jengo, angalia memcached na angalia saa ya seva. Mashine za zamani betri ya ubaoni ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma na kila kitu kinachotegemea muda kinaharibika, hadi tarehe za kurudisha vitabu. `timedatectl` itakuonyesha. Eneo la saa liwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, linaweza kuwekwa pia ndani ya `koha-conf.xml`.

Msomaji anakataliwa kuazima na hana deni la maana

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hii inawaumiza wasomaji kimya kimya.

Koha ilitengenezwa New Zealand, kampuni ya Katipo iliitengenezea Horowhenua Library Trust mwaka 1999, ikaanza kazi mwanzoni mwa 2000 kwa kuwa mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka huo salama. Seting ya `noissuescharge`, ile inayosema msomaji akidaiwa zaidi ya kiasi fulani asiazime, inakuja na namba 5. Tano ya dola za kule ni pesa. Tano ya shilingi yetu ni nini? Mwanafunzi anadaiwa shilingi 100, kachelewa siku moja tu, na mfumo unamfungia. Mkutubi wa kaunta anaona maandishi mekundu anamwambia kalipe kwanza, mtoto wa watu anaondoka bila kitabu wiki ya mitihani. Kuna mwenzake, `maxoutstanding`, naye anakuja na 5, anazuia kuweka oda ya kitabu. Yule wa kurefusha muda kwenye OPAC, `OPACFineNoRenewals`, anakuja na 100, ambayo kwa shilingi ni hiyo hiyo tu. Nendeni mkaziangalie zote tatu leo, mkae na uongozi mpange kiasi kinachoeleweka.

Kama si deni, basi ni kanuni za kuazimisha. Ujumbe ukisema hakuna kanuni kwa aina hii ya msomaji na aina hii ya kitabu, maana yake mmeongeza aina mpya, tuseme wanafunzi wa diploma, mkasahau kuiwekea kanuni. Dawa nyepesi ni kuwa na kanuni moja ya jumla ya maktaba zote, wasomaji wote, vitabu vyote, ili asikose mtu.

Ila kuwa makini na mpangilio. Kanuni ya tawi inashinda ya maktaba zote hata kama ya maktaba zote imetaja msomaji na kitabu kwa usahihi. Kwa hiyo ukiandika kwa maktaba zote kwamba wahadhiri wapate siku 60, halafu tawi la pili lina kanuni yake ya kila mtu siku 14, mhadhiri wa tawi la pili atapata 14 na utakaa unashangaa kanuni yako mbona haifanyi kazi. Inafanya, imezidiwa tu.

Kingine ni `item-level_itypes`. Hii ni seting inayoamua Koha isome aina ya kitabu kwenye nakala (kitabu kimoja kimoja cha rafuni) au kwenye rekodi (maelezo ya kitabu kwa jumla). Ikiwa inasoma kwenye rekodi na nyinyi mmeandika kwenye nakala, vitabu vya rejea vitaazimwa kama vya kawaida.

Faini zimeruka baada ya likizo

Chuo kilifungwa, au ilikuwa Idd, watu wanarudi wanakuta faini za siku ambazo mlango wenyewe ulikuwa na kufuli. Hilo si kosa la msomaji hata kidogo.

Fungua Calendar kwenye Tools, angalia kama siku hizo zimewekwa kuwa za kufunga, kwa kila tawi, manake kalenda ni ya tawi tawi ingawa kuna kisanduku cha kunakili kwa maktaba zote. Halafu angalia `finesCalendar`, iseme faini zisihesabu siku maktaba imefungwa, kwa sababu kama inahesabu moja kwa moja hata ujaze kalenda yote haisaidii. Na `useDaysMode` ndo inaamua tarehe ya kurudisha isiangukie siku mliyofunga.

Sikukuu za tarehe maalumu kama Sabasaba, Nanenane au Mashujaa kule Kenya ziwekeni mara moja kama za kujirudia kila mwaka. Za Idd haziwezi hivyo, mwezi ndo unaamua, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Ramadhani awepo mtu mwenye jukumu la kuingiza siku ikishatangazwa.

Kitu ambacho wengi hawakijui, ukiongeza sikukuu leo vitabu vilivyokwisha kuazimwa havibadilishi tarehe. Tarehe ilishahesabiwa siku ya kuazima. Tumia Batch extend due dates kusogeza mbele vyote vilivyoangukia humo, na faini za vitabu vilivyokwisha kurudi zifuteni kwenye ukurasa wa msomaji sehemu ya Accounting. Ni kazi ya mkono, inachosha, lakini ni haki ya watu.

Imeili haziendi, faini hazihesabiwi, bakapu hazipo

Vikikosekana vyote vitatu kwa pamoja usihangaike na kimoja kimoja, mzizi ni cron. Kwenye Debian kazi za kila siku zimepangwa saa 12 na dakika 25 asubuhi. Sasa maktaba nyingi ndogo seva ni kompyuta ya mezani tu, inazimwa jioni, inawashwa saa mbili asubuhi mkutubi akifika. Saa 12 na 25 ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kazi zile hazijawahi kukimbia, pengine mwaka mzima, na hakuna aliyejua. Instoli `anacron`, yenyewe inafanya kazi zilizorukwa mashine ikiwaka. Au acheni mashine iwake usiku kama mna UPS nzuri.

Baada ya hapo angalia `/var/spool/koha/maktaba` kama kuna faili za leo. Kwa kawaida Koha inaweka za siku mbili tu halafu inafuta, tena kwenye diski hiyo hiyo, kwa hiyo mashine ikiibiwa au diski ikifa bakapu zimekwenda nayo. Nakili nje kila siku, hata flashi inayokaa jengo lingine inatosha kuanzia.

Kama ni imeili tu ndo haziendi, fungua msomaji mmoja uangalie Notices. Ujumbe ukiwa pending (unasubiri) basi hakuna anayeuchukua, endesha `koha-email-enable maktaba`, imeili zimezimwa mpaka useme hivyo na watu wengi hukwama hapo. Onyo, kabla hujaiwasha angalia foleni ina ujumbe kiasi gani wa zamani, usije ukawatumia wasomaji vikumbusho vya mwaka jana kwa mkupuo. Ujumbe ukiwa failed basi Koha ilijaribu ikakataliwa, angalia SMTP servers (seva za kutuma imeili) kwenye Administration, kama mnatumia Gmail inataka paswedi maalumu ya programu, ile mnayoingilia kila siku haitakubali, na poti 25 kampuni nyingi za intaneti zimeifunga, tumia 587. Na kama hakuna ujumbe wowote kwenye Notices, basi msomaji hana imeili au hajachaguliwa kupata taarifa.

Iko polepole

Endesha `koha-plack --status maktaba`. Ikiwa haijawashwa, `koha-plack --enable maktaba`, halafu `--start`, halafu restati Apache. Tofauti utaiona hapo hapo.

Lakini kama ni OPAC tu ndo nzito, na inakuwa nzito zaidi bando likikata, angalia picha za majalada. Seva iko humo humo ndani ya jengo, lakini kila ukurasa wa matokeo kivinjari kinakwenda kuomba picha Amazon, Google au Open Library, intaneti ikiwa mbovu ukurasa unakaa unasubiri. Zima seting za `OPACAmazonCoverImages`, `GoogleJackets` na `OpenLibraryCovers`, mkitaka majalada pigeni picha wenyewe mziingize Koha, muwashe `OPACLocalCoverImages`. Vitabu vyetu vya Kiswahili vingi huko hawana hata picha zake.

Nimeingiza rekodi kwa mkupuo, hazipo au zimekuja vibaya

Kuingiza ni hatua mbili, Stage halafu Manage staged records, mtu akiishia ya kwanza hakuna kilichoingia. Kazi ikikaa tu kwenye foleni haisogei, worker kafa, `koha-worker --status maktaba`.

Rekodi zimeingia lakini zote hazina nakala: faili lako halina sehemu ya 952, ambayo Koha inasomea nakala. Hii inawapata sana wanaohama kutoka CDS/ISIS ya UNESCO, nakala kule ziliandikwa kwenye sehemu waliyojichagulia wenyewe, inabidi uzihamishie 952 kwa MarcEdit (programu ya kurekebisha rekodi) kabla ya kuingiza.

Herufi zimeharibika, majina ya Kifaransa au ya Kiarabu yamekuwa alama za ajabu: ni usimbaji, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi. Kwenye lida (mstari wa mwanzo wa rekodi) nafasi ya 09, herufi a inamaanisha Unicode, ambayo UTF-8 ni aina yake, na ikiwa wazi inamaanisha MARC-8, usimbaji wa zamani wa maktaba. Faili likiwa UTF-8 na nafasi hiyo iko wazi Koha inadanganywa. Kwa maktaba zenye vitabu vya Kiarabu jaribuni rekodi chache kwanza, mkiingiza zote zikaharibika kuzisafisha ni kazi nzito. Kwa Z39.50 (njia ya kuomba rekodi kutoka maktaba nyingine) ni hivyo hivyo, usimbaji uliowekwa ufanane na wa wale mnaowaomba, na kama haiunganishi kabisa muulize mtu wa mtandao wa chuo kama poti 210 imefunguliwa.

Skana inasoma lakini kitabu hakipatikani

Fungua Notepad, skani, ulinganishe na kilichoandikwa kwenye rekodi. Mara nyingi sifuri za mbele ziliondolewa na Excel wakati wa kuandaa orodha, au namba ndefu iligeuzwa kuwa ile yenye E katikati. Kwenye Excel safu ya bakodi iwe maandishi kabla hujabandika chochote. Nafasi tupu zikiingia, seting ya `itemBarcodeInputFilter` inaweza kuziondoa.

Baada ya apdeti imeleta kosa

Toleo jipya kubwa linatoka Mei na Novemba kila mwaka, namba yenyewe ni mwaka na mwezi, kama 23.11. Paketi zikiapdetiwa na data nayo lazima ifuate, ikikwama endesha `koha-upgrade-schema maktaba`, halafu `systemctl restart memcached apache2 koha-common`. Ukishapandisha huwezi kushusha, kwa hiyo `koha-dump maktaba` kabla ya kugusa chochote, na faili zake mbili uziweke nje ya mashine.

Ikibaki kosa, fungua `/var/log/koha/maktaba/`, soma mwisho wa faili zenye neno error. Ukiomba msaada kwa mtu tuma mistari ile kama ilivyo, namba ya toleo, na ulichokuwa unafanya kosa lilipotokea. Ukimwandikia "Koha haifanyi kazi" atabaki anakuuliza maswali hayo hayo na wasomaji wanasubiri kaunta.